Kaburi Lililokingama

Kwa akina Kimbrough, jani moja la nyasi juu ya kaburi lilikuwa aibu sawa na mtu kwenda kanisani na gauni la kulalia. Watu wa mjini walipanda nyasi makaburini kwao, wakazikata kwa mashine, wakaona wamewaenzi wafu. Huku kwenye misonobari ya mashariki ya Texas, nyasi ni za ng'ombe. Kaburi hukwanguliwa kwa jembe hadi mchanga ubaki mtupu, likainuliwa tuta lenye mgongo mkali kama paa la banda, kisha uwanja wote ukafagiliwa kwa matawi mpaka ibaki mistari ya ufagio tu, kama nywele zilizotoka kuchanwa. Asubuhi za Mei, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya kijito, mchanga ule ulionekana kutoa mwanga wake wenyewe, na mgeni aliyeingia pale kwa mara ya kwanza alishusha sauti bila kuambiwa.

Ardith hakuzaliwa katika ukoo huo. Alikuwa binti wa mwenye duka la dawa, amesoma chuo, na alipoolewa na Weldon Kimbrough mwaka 1936 alikuja na masanduku mawili ya vitabu. Wiki ya kwanza mama mkwe wake, Zilpha, alimpa jembe.

"Shahada yako nimeiona, ni nzuri," alisema yule mama. "Sasa tuione mikono."

Mikono ilionekana. Kwa miaka thelathini na minane Ardith alifundisha watoto wa wilaya ile kusoma na kuandika, na kwa miaka hamsini, kila Jumamosi ya pili ya Mei, siku ukoo ulipokutana kusafisha makaburi, alikuwa wa kwanza kufika. Aliyajua majina ya wafu arobaini na watatu kama alivyoyajua majedwali ya kuzidisha. Waliozaliwa Kimbrough walisahau nani ni babu wa nani. Walipiga simu, wakamuuliza yeye. Weldon alipofariki mwaka 1979, watu walidhani atarudi mjini kwa dada zake. Akabaki. Alikuwa na nafasi yake tayari, mkono wa kushoto wa mumewe, upande aliosimama siku ya harusi, na kila mwaka aliikwangua nafasi hiyo kwa uangalifu wa mwenye nyumba anayetandika kitanda cha mgeni.

Barua ilifika Januari ya 1986. Dwain, mpwa wa Weldon aliyeishi Houston, alikuwa ameiuzia kampuni ya mbao msitu aliorithi. Ndani ya msitu ule mlikuwa na ekari mbili za makaburi, na katika miaka mia na arobaini na tano hakuna Kimbrough hata mmoja aliyewahi kuziandika kwenye karatasi yoyote. Kwa nini waandike? Kila mtu alijua. Sasa kampuni ilieleza, kwa lugha ya adabu sana, kwamba wapendwa wao watahamishiwa makaburi ya mji, mahali penye uangalizi wa kudumu.

"Uangalizi wa kudumu!" Hollis alisema. Huyu alikuwa kaka wa Weldon, mzee wa miaka sabini na tisa mwenye masikio makubwa na kofia aliyoivua mbele ya chakula na wafu tu. "Maana yake mashine inapita juu ya kichwa cha mama kila Alhamisi. Mama atamng'ata mtu."

"Hakuna atakayehamishwa," alisema Ardith.

"Na Dwain je?"

"Dwain nitamshughulikia. Kwanza nakwenda kwenye kamati."

Kamati ya urithi ya kaunti ilikuwa na uwezo wa kuyaandikisha makaburi ya zamani, na yakishaandikishwa, hakuna shoka wala tingatinga lingeyagusa. Lakini sharti lilikuwa moja, nalo halikuwa na mzaha: angalau kaburi moja lithibitishwe kuwa la kabla ya Texas kuingia katika muungano wa Marekani mwaka 1845. Jiwe la zamani zaidi lenye maandishi ya fundi pale lilikuwa la 1858. Kabla ya hapo lilikuwepo moja tu, bapa la mawe mekundu ya chuma yanayookotwa mashambani, lililokwaruzwa kwa ncha ya kisu: P.K. 1841.

P.K. ni Permelia Kimbrough. Mumewe, Ansel, alimleta kutoka Tennessee kwa gari la maksai mwaka 1840, na mali yao yote ilikuwa ng'ombe mmoja, shoka, na blanketi sita. Alifariki majira ya baridi ya kwanza, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Ni wa kwanza kuzikwa pale. Wote waliosalia walitokana na mke wa pili, lakini walimhesabu Permelia kama mama wa mahali, na katika kitabu cha historia ya kaunti kilichotungwa na akina mama wa mjini mwaka 1951, imeandikwa kwamba aliuawa na homa. Aliyeandika ukurasa huo ni Ardith.

Basi makaburi arobaini na matatu, na nafasi ya arobaini na nne, yalikuwa yanalitegemea jiwe moja jekundu. Na jiwe hilo halikuwa mahali pake. Mtu pekee duniani aliyejua hivyo, kwa fikra zake, ni Ardith.

*

Zilpha ndiye aliyemwonyesha, msimu wa pili wa ndoa. Walikuwa wanafagia, wanawake wawili peke yao, na mama mkwe akasimama chini ya mwerezi mkubwa.

"Unaona hawa wote walivyolala?" aliuliza. "Vichwa magharibi, miguu mashariki. Siku ya kufufuka, kila mtu anaketi tu, jua liko usoni mwake. Sasa tazama haya mawe mawili."

Ardith alitazama. Jiwe la kichwa lilikuwa kaskazini, la miguu kusini.

"Amekingama," alisema.

"Amekingama na dunia. Ansel alimlaza hivyo kwa mikono yake. Alikwenda kisimani kuchota maji asubuhi, ndoo ikarudi, yeye hakurudi." Zilpha alifagia kidogo, akasimama tena. "Aliyejitoa uhai hawamlazi na wenzake. Ndiyo ilivyokuwa. Hatumwinulii tuta, tunapafagia tu. Na hatusemi. Nawe hutasema."

Ardith hakusema. Lakini mwaka 1951, wale akina mama wa kitabu walipoandika kwamba watakuja Jumatano na kamera, alilala bila usingizi wa maana siku mbili. Zilpha alikuwa ameshafariki. Hollis alikuwa California akijenga meli. Yeyote kati ya wale akina mama angesimama chini ya mwerezi, angeona mawe yale, na angejua. Kila mtu aliyekulia huku angejua, bila kuelezwa, kama anavyojua maana ya bendera nusu mlingoti. Na jina la Kimbrough, ambalo halijawahi kutajwa mahakamani wala kuhusishwa na mlevi hata mmoja, lingeingia kitabuni na kisima shingoni.

Jumanne, alfajiri imekwisha na ukungu umeanza kupanda, alikwenda peke yake na sululu. Aliling'oa jiwe la kichwa, akalisukuma mchangani kwa magoti na viganja, akalisimamisha katika mstari na wengine, kichwa magharibi. La miguu akalipachika mashariki yake. Katikati aliinua tuta zuri, la kwanza Permelia kuwahi kupewa, akalipamba kwa makombe meupe ya kome wa mtoni. Kazi yote ilimalizika kabla ya saa mbili. Alikumbuka baadaye kwamba ndege hawakulia, ingawa labda walilia. Ukungu ulimfunika hadi kiunoni na alijiona kama mtu anayetembea ndani ya maziwa.

Weldon alipita pale jioni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Umefagia vizuri," alisema, na hakurudia tena habari hiyo hadi kufa kwake.

Mwaka 1957 kimbunga kiliangusha mwerezi, wakaung'oa na kisiki chake, na tangu hapo hata Ardith mwenyewe hakuwa na alama ya kumwonyesha Permelia alilala wapi hasa. Mahali fulani hapo. Hatua tatu, hatua tano. Kwa miaka thelathini na mitano ukoo mzima ulipanga mstari kila Mei kuinua tuta na kuweka maua juu ya ardhi isiyo na mtu.

*

Kamati ilimtuma Rosalind Teague. Alikuwa mwanafunzi wa Ardith zamani, msichana aliyekuwa akila chaki; sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, daftari la ngozi, na chuma kirefu chembamba chenye mpini, cha kuchomea udongo. Alifika Machi, siku ya upepo mwanana.

"Bibi Ardith, samahani mapema. Nikikosea kuandika jina la mtu usinichape."

"Sikuwahi kukuchapa, Rosalind."

"Uliniangalia tu. Afadhali ungechapa."

Alieleza kazi ya chuma kile. Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi kuwa mgumu kama wa kuzaliwa, hata ikipita miaka mia mbili. Chuma kikishuka kwa urahisi, kuna kaburi, kikigoma, hakuna. Alipita mstari kwa mstari, akikizamisha polepole kando ya matuta, akiandika. Ansel, ndiyo. Zilpha, ndiyo. Weldon, ndiyo; Ardith alitazama kando. Kisha P.K.

Chuma kilishuka urefu wa kiganja, kikagoma. Rosalind alisogea, akajaribu tena. Kikagoma. Alijaribu mara tisa. Ardith alizihesabu.

"Bibi Ardith," alisema hatimaye, bila kuinua macho, "hapa chini ni udongo wa kuzaliwa. Hakuna aliyewahi kuchimba."

"Labda walichimba kina kifupi. Ilikuwa baridi."

"Labda." Alifuta chuma kwa leso. "Lakini kamati wataniuliza, na mimi nitasema nilichokuta. Jiwe lisilo na kaburi ni jiwe tu, mtu anaweza kulitoa popote. Bila hili la 1841, hatuna kitu." Alifunga daftari. "Mkutano wao ni baada ya Jumamosi yenu ya kusafisha. Nitakuja siku hiyo kumalizia kupima. Kama kuna lolote ambalo familia inalikumbuka..."

"Familia inakumbuka kila kitu," alisema Ardith, akamsindikiza hadi kwenye gari, akamfungia mlango.

*

Aprili ilipita kama mtu anayetembea usingizini. Miti ya maua meupe ilichanua chini ya misonobari, ikaonekana kwa mbali kama nguo zilizosahauliwa kuanuliwa. Mchana baada ya chakula Ardith alijinyoosha kwenye kiti cha barazani, na ndoto ikawa ile ile.

Ilikuwa siku ya mwisho. Jua linatoka upande wa kijito, kubwa, tulivu, rangi ya pichi iliyoiva, na akina Kimbrough wote wanaketi makaburini mwao wakikung'uta mchanga mabegani. Wanalitazama jua. Zilpha anatengeneza kola. Weldon anatafuta miwani. Hakuna mwenye haraka. Na hapo, kando yao kidogo, ameketi msichana wa miaka ishirini na mmoja, pindo la gauni lake linachuruzika maji, ametazama kusini kulikokuwa na kiwanda cha mbao. Haangalii jua kwa sababu halioni. Halalamiki. Anasubiri tu mtu amwambie kinachoendelea.

Ardith aliamka kila mara shingo ikiuma. Hakuwa mtu wa kuamini ndoto. Aliwahi kumkatisha mchungaji aliyehubiri kuhusu yake. Lakini alianza kumfikiria Permelia kama mtu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Dada saba aliwaacha Tennessee. Jirani wa karibu alikuwa maili kumi na moja, na hakuwa na mke. Majira yote ya baridi, ni sauti ya Ansel tu, na Ansel, kwa sifa zote za ukoo, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa anazungumza na nani yule binti? Na ng'ombe?

Aliwaza pia kunyamaza. Alikuwa mtu mkweli na hakujificha hilo. Anyamaze, na jina libaki safi kitabuni, na wafu wapakiwe kwenye malori waende mjini wakiwa safi. Wote isipokuwa mmoja. Yule hawangemkuta. Wangemwacha peke yake chini ya miche mipya ya misonobari, bila hata wa kumfagilia.

Hapo ndipo alipoamua, akiwa na bakuli la maharage mapajani, akiyamenya. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyeketi muda mrefu mno na sasa lazima asimame mbele za watu, akiwa na alama ya kiti nyuma ya gauni.

*

Jumamosi ya pili ya Mei walikuja wengi kuliko kawaida, kwa sababu habari ya kampuni ilikuwa imeenea. Pikapu zilipangana hadi daraja la kijito. Wanawake walitandaza mashuka juu ya mbao ndefu, wakapanga kuku wa kukaanga, mayai yaliyojazwa haradali, mkate wa mahindi, pai za njugu zilizofunikwa vitambaa, na madumu ya chai ya barafu yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Dwain alikuja na mkewe, wakasimama kando ya gari lao kama watu walioalikwa kwa makosa.

"Dwain!" Hollis alipaza sauti. "Njoo uchukue jembe. Au umeuza na mikono?"

"Mjomba, nilishaomba radhi."

"Kwangu umeomba. Kwa hawa hujaomba." Alionyesha makaburi kwa kidevu. "Anza na babu yako. Na ukwangue mpaka nione mchanga unacheka."

Watu walicheka, Dwain akachukua jembe, na kwa saa mbili hapakusikika ila midomo ya majembe ikikwaruza na wanawake wakiitana kwa majina ya watoto. Vumbi jepesi lilisimama kwenye miale ya jua baina ya miti. Ardith hakupalilia. Alikuwa amevaa suti ya kijivu ya shuleni na viatu vya kamba.

"Haya, leo mwalimu kaja kusahihisha," shangazi mmoja alinong'ona kwa nguvu ya kusikika.

Rosalind alipofika na chuma chake, Ardith alikwenda kusimama kwenye kaburi la P.K. Hakupiga makofi wala kuinua mkono. Alisimama tu, na baada ya miaka thelathini na minane ya darasani hiyo ilitosha. Majembe yalinyamaza moja baada ya jingine.

"Hapa hakuna mtu," alisema. "Mmekuwa mkiweka maua juu ya udongo mtupu tangu mwaka 1951, na ni mimi niliyewafanya mweke. Niliyahamisha mawe haya. Permelia amelala pale, karibu na ulipokuwa mwerezi, na amekingama. Alijitupa kisimani. Kule kitabuni niliandika homa, na nilijua naandika uongo. Nilitaka jina letu liwe zuri."

Alisema "letu" na ghafla hakuwa na hakika kama bado ana haki nalo.

Mtoto mmoja aliuliza "kakingama ni nini," akanyamazishwa. Shangazi yule wa minong'ono alikuwa amefunika mdomo. Ardith alitazama mbele, kidevu juu, kama mtu anayesubiri picha ipigwe.

Aliyesogea ni Hollis. Alivua kofia, ingawa chakula kilikuwa bado.

"Shemeji," alisema, "hatua moja zaidi kushoto kwako. Hapo unaposema siko."

"Unasemaje?"

"Nasema najua alipo. Nani alichimba kaburi la Weldon? Mimi na kijana wa akina Stubblefield. Tunashuka, mara upande wa kaskazini jembe linaingia kama kwenye siagi. Nikapapasa. Ukingo umekata hivi," akachora hewani kwa kiganja, "kaskazini kusini. Nikamwambia kijana, tusogee futi moja na unusu huku, na ukifungua mdomo nitakuzika na wewe. Mama aliniambia habari za Permelia nikiwa na miaka kumi na miwili. Ulidhani alikwambia wewe peke yako?"

"Miaka saba umejua mawe hayapo mahali pake," alisema Ardith polepole, "na kila Mei unainua tuta hapa pamoja nami?"

"Nilidhani unaona aibu, nikasema nikuachie aibu yako. Ulikuwa unaitunza vizuri."

Mtu fulani nyuma alicheka, kicheko cha pua kilichoponyoka, kisha mwingine, na kwa namna fulani hewa ikarudi uwanjani. Si wote waliocheka. Shangazi alisema kwamba ingebaki siri ya nyumbani tu, kwa nini kuipeleka kwenye kamati, watu wataongea.

"Wataongea," alikubali Ardith. "Waongee."

Rosalind alikwenda alipoonyesha Hollis, akaweka ncha ya chuma mchangani, akakandamiza. Kilishuka. Kilishuka bila sauti hadi mpini, kama kijiko kwenye uji. Alikitoa, akasogea, kikashuka tena. Alichoma pande zote, na kila alipopata ukingo, Dwain alipigilia kijiti, mpaka umbo likaonekana juu ya mchanga uliofagiliwa: jembamba, fupi, kaskazini kwenda kusini. Lilikuwa fupi kuliko wote walivyofikiri. Permelia alikuwa mtu mdogo.

"Jiwe la kichwa mkilirudisha, nitapiga picha vyote pamoja," alisema Rosalind. Alikuwa anaandika haraka. "Kamati watakubali. Bibi Ardith, mtu anaweza kughushi kaburi la bibi mwanzilishi. Kaburi la namna hii hakuna anayelighushi."

Ndipo alipoona Ardith amesimama wapi, na anatazama nini. Vijiti vya upande wa kusini vilikuwa futi moja kutoka kwenye tuta la Weldon. Miguu ya Permelia ilikuwa imelala mkono wa kushoto wa Weldon, katikati kabisa ya ile nafasi iliyokwanguliwa kila mwaka. Upande wa pili wa Weldon alikuwepo Zilpha. Hapakuwa na pengine.

"Oh," alisema Rosalind. "Samahani sana."

Hollis alikuna sikio. "Nilikuwa natafuta siku ya kukwambia. Haikupatikana."

"Miaka saba?"

"Ulikuwa na afya njema."

Wanaume walikuwa wameshaanza kuyasogeza mawe mekundu, wanne kwa jiwe ambalo Ardith alilisukuma peke yake akiwa na miaka thelathini na tisa. Waliposimamisha la kichwa upande wa kaskazini, Dwain akiwa amelikumbatia magotini ili lisilale, mkewe alileta ndoo ya mchanga. Kisha wakachukua majembe bila kuulizana. Tuta liliinuka polepole, limekatiza mistari yote kama mtu aliyelala kwenye kizingiti. Ardith alilitazama likiinuka. Alikuwa ametegemea kuona aibu, na alijipekua ndani ili aione, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Aliyoikuta ilikuwa ndogo, na imechoka.

"Kamati wanataka na makaburi yatakayokuja," alisema Rosalind kwa upole. "Yaingie kwenye ramani sasa, baadaye inakuwa shida. Niandike lako wapi?"

"Kwenye miguu ya Weldon pana nafasi," Hollis alisema. "Utamsikia akikoroma vilevile."

Ardith alizunguka tuta jipya. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya jiwe jekundu, kulikuwa na mchanga ambao hakuna aliyeutaka, kwa sababu nani atake kulala karibu na aliyekingama? Ulifagiliwa asubuhi ile na hapakuwa na unyayo. Alivua viatu, akavipanga pamoja. Mbele ya ukoo wote, na kuku wakipoa, alikaa chini na suti yake ya kijivu, kwa kituo, mkono mmoja ukimtegemeza, kisha akalala chali, kichwa magharibi, miguu mashariki.

"Mungu wangu," shangazi alisema.

"Mwache," alisema Hollis. "Anapima."

Mchanga ulikuwa na joto juu na ubaridi chini yake. Vilele vya misonobari vilizunguka polepole mno, au labda ni mawingu. Kulia kwake, umbali wa mkono, kilikuwa kichwa cha Permelia, karibu na ubavu wake, kama binti mdogo aliyejilaza kitandani akimlalia mama yake ubavuni wakati wa mazungumzo. Aliwasikia watu kwa mbali, na maji ya kijito, na mtu anafunua vyombo.

"Futi tano na inchi nne," alisema kwa sauti ya darasani, macho yamefumbwa. "Andika, Rosalind. Na uandike vizuri."